Mzinga wa Jirani kwenye Mkwaju Wetu

Ufa niliuona mimi. Mama ameishi na ule mkwaju muda mrefu kiasi kwamba hautazami tena. Nilikuwa nimetoka Mutomo, ninakoshona sare za shule, nikaenda nyumbani upande wa Matiliku kumjulia hali. Nilipoinama kuokota ukwaju wa kutia kwenye uji, nikaona unga mwekundu wa mbao umemwagika juu ya mizizi. Nikainua macho. Pale shina linapogawanyika kulikuwa na mpasuko, na tawi kubwa lililoelekea nyumbani lilikuwa limeanza kujitenga na mwenzake kama mke na mume waliolala na ugomvi.

"Mama, huu mti unapasuka."

"Ulianza kupasuka baba yako akiwa hai," akanijibu, bila kuacha kupepeta ndengu zake.

"Ukianguka utaangukia kitanda chako."

"Basi utanikuta nimeshalala."

Hivyo ndivyo mama anavyozungumza nami. Huniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi. Ukiwa mtoto jina hilo ni tamu, unapewa kipande kikubwa cha nyama na mtu mzima anakuita mama. Ukishakuwa mkubwa ndipo unagundua kwamba ni cheo kisichokuwa na mamlaka yoyote.

Nyumba yenyewe tuliijenga sisi watoto, ya matofali na mabati, baada ya baba kufariki. Ile ya zamani ilikuwa mbali na mti, upande wa zizi. Hii mpya mama mwenyewe ndiye aliyesimama na mkongojo akaonyesha mahali msingi utakapochimbwa, chumba chake kikiwa chini ya kivuli kabisa, dirisha likiangalia shina. Tulikubali. Jua la Makueni unalijua, na nani angemnyima mjane kivuli? Leo nikiuliza kwa nini tulijenga pale, ndugu zangu wote wanakumbuka kwamba walipinga.

Sikutaka mkwaju ukatwe. Niseme hilo mapema, kwa sababu kuna majirani wanaosema mimi wa mjini nilikwenda kumaliza mti wa baba yangu. Nilitaka utibiwe. Nilikuwa nimesikia kutoka kwa mteja wangu mmoja kwamba kuna fundi wa miti kule Wote, si mchoma makaa mwenye msumeno, fundi hasa, aliyesomea kazi hiyo, anayepanda kwa kamba na kuukagua mti tawi baada ya tawi. Nikampigia simu. Aliniuliza maswali mengi kuhusu mkwaju kuliko ambayo daktari yeyote amewahi kuniuliza kuhusu mimi.

Akaja asubuhi na pikipiki iliyobeba kamba za kutosha kufunga ng'ombe wa kijiji kizima. Alikuwa na helmeti ya manjano, mkanda wenye vyuma vinavyolia na buti zenye miiba. Mama alimtazama akivaa vitu hivyo, akamwambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akampa uji. Kisha akajifunga leso akaenda zake kwenye chama cha akina mama sokoni. Hakujiona mgonjwa, kwa hiyo hakuona sababu ya kumngoja daktari.

Fundi aliuzunguka mti taratibu. Aligonga shina kwa nyundo ya mbao huku ameweka sikio, akaingiza kidole kwenye ufa, akanusa. Akaniambia mti huu hauhitaji kukatwa, unahitaji kupunguzwa. Nilimpenda kwa neno hilo. Mimi ni mtu wa cherehani, najua nguo ikimpwaya mtu huitupi, unaipunguza. Akanieleza mpango wake. Lile tawi la upande wa nyumba litapunguzwa uzito zaidi ya nusu, kisha lifungwe kwa waya mnene na mwenzake. Na upande wa pili utapunguzwa kidogo vilevile, ili mti usimame sawa.

Halafu akaonyesha juu. "Na ule mwatu?"

Mwatu ni mzinga wa nyuki wa Kikamba, gogo lililochimbwa ndani na kufungwa kwa mifuniko miwili. Huu ulikuwa unaning'inia kwenye tawi lile lile lenye ufa, karibu na ncha, ambako fundi alihitaji kukata. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kwa utulivu wao. Haukuwa wetu. Ulikuwa wa mzee wa ng'ambo ya korongo, rafiki wa marehemu baba, ambaye aliutundika pale kabla sijazaliwa, enzi ambazo chini ya mkwaju kulikuwa na majani na mbuzi tu.

Mzinga kwetu si chombo kama sufuria. Umechongwa alama ya mwenyewe kwenye mfuniko, na unaweza kukaa kwenye mti wa mtu mwingine maisha yote bila mkono wowote kuugusa. Mti ni wa mwenye boma, mzinga ni wa mwenye mzinga. Akitaka kuuteremsha atakuja mwenyewe, au atasema kwa mdomo wake nani amteremshie. Anayeugusa bila neno hilo, watu wakimtaja huwa hawamalizi sentensi. Wanatikisa kichwa na kuanza kuzungumzia mvua.

Haya yote niliyajua, na nilikuwa nimejiandaa. Siku kadhaa kabla nilikuwa nimempigia mtoto wa yule mzee, anayefanya kazi Mlolongo, nikamweleza habari za ufa. "Aa, toeni tu, dadangu," aliniambia. "Hata mimi sijui kama bado kuna asali huko."

Kwa hiyo fundi aliponiuliza, "Mwenyewe amekubali?" nilimjibu kwa ujasiri, "Kijana wake amekubali."

Fundi akavua helmeti, akainamisha kichwa kidogo, akasema pole. Nilidhani ananipa pole kwa usumbufu. Akaniambia nyuki hushughulikiwa jioni jua likipoa, kwa hiyo ataanza na upande wa pili, na jioni atauteremsha mzinga polepole kwa kamba na kuuhamishia kwenye mgunga ulio karibu na zizi. Nilisema sawa. Akapanda, akawasha msumeno, na matawi ya upande wa pili yakaanza kushuka moja moja, yamefungwa kamba, kwa adabu. Nilisimama pale nikijisikia mtoto mwema.

Mama alirudi baada ya saa za chakula. Alisimama langoni akautazama mkwaju, ambao sasa ulikuwa na manyoya upande mmoja kama kuku aliyenyonyolewa nusu. Fundi alikuwa ameketi chini akinywa maji, akainuka kwa heshima.

"Pole sana, mama. Nimesikia mwenye mwatu alikuwa rafiki ya familia. Alikuwa mtu mzuri, eh?"

"Alikuwa?" mama akasema. "Jana nimempelekea uji."

Fundi akanigeukia. Sijui kama umewahi kutazamwa na mtu aliyevaa mkanda wa vyuma, anayetamani kukufunga kwa kamba zake.

"Madam, hukuniambia ako hai."

"Hukuniuliza."

"Mtu haulizwi kama ako hai! Ukiniambia kijana yake amekubali, mimi najua mzee alienda. Mzee akiwa hai, kijana anakubali kama nani?"

Na alikuwa na haki. Ndivyo tunavyozungumza. Mtoto hana la kusema juu ya mzinga wa baba yake mpaka baba azikwe, na mimi nilikuwa nimelitamka neno la msiba bila kujua kwamba nimelitamka. Nimeishi Mutomo nikishona kola za wanafunzi, nikadhani ruhusa ni ruhusa, itoke kwa nani itoke.

"Basi tumuulize mwenyewe," nikasema. "Si ng'ambo hapo tu?"

Mama aliweka kikapu chake chini. "Muulizeni," akasema, na sauti yake ilinikumbusha kitu nilichokuwa nimekisahau.

Mzee alipatwa na kiharusi mwaka uliopita. Nilijua hilo, nilituma hata pole. Nilichokuwa sijakiona kwa macho yangu ni jinsi kilivyomwacha. Tulikwenda sote watatu, tukamkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki barazani, mkono mmoja umelala mapajani kama wa mtu mwingine, mkewe akimfuta mdomo. Fundi, ambaye tangu tutoke nyumbani hakuwa amenisemesha, alichuchumaa mbele yake, akamsalimu kwa Kikamba safi, akamweleza kila kitu bila haraka: ufa, tawi, kitanda cha mama, mgunga wa kando ya zizi ambako mzinga ungehamishiwa. Kisha akauliza. Mzee, unaturuhusu tuuteremshe mwatu wako?

"Ĩĩ," mzee akasema. Ndiyo.

Nilishusha pumzi. Nilitaka kumkumbatia. Fundi naye alianza kutabasamu, lakini mke wa mzee akatuinulia mkono tungoje. Akainama karibu na sikio la mumewe akamuuliza, au tuuache pale pale ulipo, usiguswe na mtu?

"Ĩĩ," mzee akasema, kwa sauti ile ile.

"Ni neno lililobaki," mkewe akatuambia. "Mengine yote yalienda. Ukimuuliza kama ana njaa, ĩĩ. Ukimuuliza kama ameshiba, ĩĩ. Juzi kasisi alimuuliza kama anataka kufa, akasema ĩĩ, kasisi akakimbia." Alicheka kidogo, na mzee akacheka pia, upande mmoja wa uso.

Sikukubali. Mimi si mtu wa kukubali upesi. Nilipiga magoti nikamwambia mzee ainue mkono mzima kama anakubali na auache chini kama anakataa. Akauinua. Nikamwambia tena, auinue kama anakataa. Akauinua, na akaushika mkono wangu akaubana kwa nguvu, akinitazama usoni. Kulikuwa na mtu ndani ya macho yale. Alikuwa anajua mimi ni binti wa nani, alikuwa anajua mti upi na mzinga upi, na alikuwa na jibu. Nina hakika alikuwa na jibu. Nililiona limesimama pale nyuma ya lile neno moja, na hapakuwa na mlango wa kulitoa. Machozi yalinitoka mbele ya fundi, na sikuona aibu.

Kabla hatujaondoka nilimpigia simu kijana wa Mlolongo, hapo hapo barazani. Nikamwambia aje mwenyewe auteremshe.

"Dadangu," akasema, "mzee akiwa hai? Hapana. Hiyo siwezi shika."

"Lakini ulisema tutoe tu."

"Nilisema nyinyi mtoe."

Njiani kurudi mama alikuwa wa kwanza kuzungumza. "Amekataa," akasema.

"Mama, amesema ĩĩ."

"Amekushika mkono. Mtu anayekubali hashiki mkono, anauachilia." Mimi nilikuwa nimeusoma mkono ule ule kuwa ni kubembeleza, ni kusema toeni, okoeni mama yenu. Tulitembea tukibishana juu ya vidole vya mzee, na fundi katikati yetu akiwa amebeba helmeti yake. Nikamuuliza yeye aamue, yeye ni mtaalamu.

"Mimi ni mtaalamu wa miti," akasema.

Tulipofika alisimama chini ya mkwaju akautazama muda mrefu. Sitasahau alivyoniambia ukweli, bila kuuremba. Asubuhi, alisema, mti ulikuwa mgonjwa lakini ulikuwa na mizani, upande huu ukivuta na upande ule ukivuta. Sasa upande wa pili umepungua, na uzito wote unaegemea nyumba. Kama angejua, hangeanza na upande ule. Maji yakimwagika hayazoleki, na tawi likikatwa halirudishwi. Alichimbia nguzo mbili za mti mgumu chini ya tawi, akafunga waya mnene kwenye panda, upande wa chini mbali na nyuki, akaukaza mpaka ukalia. Alifanya kazi hiyo mpaka jua likatua, kwa uangalifu wote wa mtu ambaye hajapendezwa na anachofanya.

"Hii itashika?" nikamuuliza.

"Itasaidia," akasema. "Mama asilale hicho chumba."

Nikadhani hapo angalau nimepata pa kushika. Chumba cha mbele kipo, kina kitanda kizuri cha wageni ambacho hakuna mgeni aliyewahi kukilalia. Nilianza kuhamisha mablanketi usiku ukiwa haujaingia. Mama alikaa mlangoni akanitazama nikipita na mito, nikipita na shuka, nikipita na redio yake. Nilipomaliza akavichukua kimoja kimoja akavirudisha.

"Mama, kwa nini?"

"Nikihama, watu watasema mwatu wa mzee umenifukuza nyumbani kwangu," akasema. "Mkewe atasikia. Atakuja hapa kuomba msamaha, na hana kosa. Na yeye mzee, atajitetea kwa neno gani?"

Nilimwambia hakuna atakayesema hivyo. Tulitazamana, tukijua sote wawili kwamba watasema kabla maziwa ya asubuhi hayajakamuliwa. Nikamwambia basi tuseme chumba kinavuja. Akaniambia hawezi kusema uwongo juu ya bati jipya lililonunuliwa na watoto wake. Nikakasirika. Nikamwambia anathamini heshima ya jirani kuliko uhai wake na kuliko sisi, na kwamba nyuki hawatakuja kumzika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza, mwaitu?" akasema. "Njoo ule."

Sikukata tamaa siku hiyo wala wiki hiyo. Nilipata mwenye msumeno mwingine, mtu wa kutoka Mkoa wa Kati mwenye biashara Emali, ambaye hakulelewa na habari zetu za mizinga. Nyuki ni nyuki, aliniambia kwenye simu, na mti ni mti. Fuata nyuki ule asali, nikajiambia, hatimaye nimempata asiyeogopa. Alifika mimi nikiwa Mutomo. Mama alimpa uji wa ukwaju, akamkalisha kivulini, akamweleza mwenye mzinga ni nani na yuko hali gani. Mtu yule alikunywa uji, akaomba kupelekwa kumsalimu mzee, akapelekwa, akarudi akawasha pikipiki. Alinipigia kuniambia kwamba mama yangu ni mtu mzuri sana na kwamba nimtafute mtu mwingine.

Chifu alisema ni jambo la familia mbili. Mchungaji alisema tuombe, tukaomba. Ndugu zangu walisema mimi ndiye niliyeleta fundi, kwa hiyo mimi ndiye ninayejua. Fundi wa Wote bado hunipigia kuuliza waya unasemaje, bila mtu kumwomba, na ninamjibu kwamba waya haujasema kitu. Kuna siku nimejikuta nikifikiria kifo cha mzee yule kama suluhisho, mzee aliyenipa asali kwenye kipande cha kibuyu nikiwa mdogo, na nimelazimika kuweka mkasi chini na kutoka nje ya duka kupunga hewa.

Sasa mvua za vuli zimeanza. Duka langu linatazama upande ambao mawingu ya Makueni hujikusanyia, na ninashona huku nikiyatazama kwa jicho moja. Jana jioni kabla ya kufunga upepo ulianza kubeba karatasi barabarani, nami nikampigia mama.

"Huko kuna upepo?"

"Ĩĩ," akasema.

"Umehamia chumba cha mbele?"

"Ĩĩ, mwaitu."

Moyo ukanirukaruka kwa furaha. Nilikuwa nimeanza hata kumshukuru. Nikamuuliza kama amekula, akasema ĩĩ. Nikamuuliza kama mlango umefungwa, akasema ĩĩ. Nyuma ya sauti yake nilisikia matawi, karibu sana, yakisugua bati. Chumba cha mbele hakina tawi juu yake.

Nikauliza polepole. "Mama, bado unalala chini ya mkwaju?"

"Ĩĩ, mwaitu," akasema kwa upole ule ule, akaniuliza kama huku kwetu imenyesha.